Miguu ya Vilitama

Basi linatushusha chini ya kilima.
Auckland, Jumapili ya mwezi wa sita,
rasharasha isiyojua kama inanyesha au inapita tu.
Bibi Ataloma hataki kushikwa mkono.
"Kilima kina mgongo wake, nami nina miguu yangu,"
anasema, na kupanda,
huku watoto wakiserereka mteremkoni
juu ya maboksi yaliyofumuliwa,
suruali zimelowa matope, vicheko vimewatangulia chini.

Kibao kinasema bustani hii yote ni kinywa cha volkeno.
Ardhi hii nayo iliwahi kulipuka,
ila haikuwa na kisa na mtu.

Ndani, ndege ya vita imeng'arishwa kama sufuria ya harusi.
Mvulana anamwuliza baba yake:
iliua wangapi?
Baba anatazama simu.

Sisi tunakwenda kwenye marumaru.
Bibi anatafuta jina moja,
mdogo wa babu yake,
aliyeondoka Niue kwa meli mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tano
hajui Kiingereza,
hajui baridi,
hajui kiatu.

Kidole chake kinashuka herufi kwa herufi
kama anayechambua mchele.
V hayupo.
Tunarudia. V hayupo.
Kisha mbali kabisa, kwingine, namwona mimi:
TAMA W.
Karani aliandika alichosikia.
Vilitama akageuka Willie Tama,
akafa kwa jina la mtu ambaye hakuzaliwa.
"Ndiye," anasema Bibi. Halii.
"Alikuwa mzito wa kusikia. Hata angeitwa vipi
asingeitika upesi."

Nyumbani kwetu hadithi yake ni fupi.
Walimpa buti.
Miguu mipana kama jani la gimbi,
iliyokanyaga matumbawe makali tangu utotoni
bila kuomba msaada wa mnyama yeyote,
ikaikataa ngozi ya ng'ombe.
Wenzake walijifunza bunduki.
Yeye alijifunza kuchechemea.
Adui hakuwahi kumwona.
Kikohozi kilimwona, Misri, hospitalini,
kwenye kitanda kifupi kuliko yeye.

Na hapa, ndani ya kasha la kioo, pea moja ya buti.
Si zake. Za yeyote.
Kamba zimefungwa vizuri mno,
kama za mtu asiyetarajia kuzifungua.
Bibi anainama, anavua viatu vyake,
kimoja, kingine,
anasimama mbele ya kioo, nyayo tupu kwenye sakafu ya baridi.

Mlinzi anakuja. Beji yake inasema Murdo.
"Mama, sheria ni viatu."
Bibi anamtazama kama mtu atazamavyo saa iliyosimama.
Halafu anampa viatu.
Murdo anavipokea, hajui avifanyeje,
na mgeni mmoja anapomwuliza vyoo viko wapi
anamwelekeza kwa kiatu cha kushoto.

Tulikaa pale, sijui, robo saa.
"Namba ngapi hizi?" aliniuliza.
Sikujua. Murdo naye hakujua.
Alikwenda kuuliza mezani, akarudi,
akatingisha kichwa kwa aibu ya kweli.

Nje Bibi alikatisha nyasi pekupeku
hadi kwenye bwawa la bata,
mimi nyuma yake na viatu mkononi,
watu wakitupisha njia kana kwamba tuna jeneza.
Mtoto mmoja alimpa kipande cha boksi.
Alikitafakari kwa makini, mwanamke wa miaka themanini na tatu,
akakirudisha.
"Kesho kutwa," alimwambia.

Kwenye basi matope yalimkaukia vidoleni.
Nikafungua simu, nikatafuta daftari la askari.
Tama, Willie.
Urefu, uzito, dini, rangi ya macho,
meno mangapi mabovu, kovu liko wapi:
wameandika vyote kwa mwandiko wa kupendeza.
Mguu hawakuupima.